Ndoano ya duara ziwani: jinsi ya kuvua bila kushtua mshipi

Siku ya kwanza nilipomwonyesha mjomba wangu ndoano ya duara, aliigeuzageuza kiganjani, akaitazama ile ncha iliyojikunja kurudi ndani, kisha akaniangalia kwa huruma. "Mjomba, nani kakuuzia ndoano iliyopinda?" Sikuwa na jibu la maana. Jioni hiyo, juu ya mawe ya huku kwetu Mwanza, niliguswa mara saba na sikupandisha hata kambare mmoja. Yeye na ndoano zake za siku zote alipandisha watatu. Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba kilichopinda ni mkono wangu.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tumefundishwa jambo moja kabla ya mengine: samaki akigusa, shtua. Vuta kwa ghafla, ncha izame, halafu mengine yatafuata. Kwa ndoano ya kawaida hiyo ndiyo njia, kwa sababu ncha yake inatazama juu, sambamba na shina, na inachoma chochote inachokutana nacho kwanza: mdomo, ulimi, koo, hata tumbo. Ndoano ya duara imeumbwa kinyume. Ncha yake imegeuzwa ndani, inatazama shina. Ukiiburuta juu ya nyama tambarare haichomi, inateleza tu. Inatoka kooni, inapita kinywani, mpaka ifike ukingo wa taya, pale mdomo unapokunjika pembeni. Hapo ndipo inapopata kitu cha kuzunguka, inageuka, na kukamata. Ndiyo maana ukimpandisha samaki wa ndoano ya duara, mara nyingi utaikuta pembeni mwa mdomo, imekaa kama hereni.

Ila inahitaji mambo mawili: samaki awe amegeuka na kuondoka, na mshipi ukaze polepole. Ukishtua, ndoano inaruka kutoka mdomoni kabla haijapata nafasi ya kugeuka. Karibu kila hatua iliyomo kwenye mwongozo huu inarudi hapohapo.

Kabla ya yote, nunua kichwa cha sangara

Usianzie ziwani. Nenda sokoni, kwa sisi wa Mwanza ni Mwaloni pale Kirumba, ununue kichwa cha sangara chenye mdomo mzima. Ni cha bei nafuu, na jioni kitaingia kwenye supu, kwa hiyo hakuna hasara.

Funga ndoano ya duara kwenye uzi wa mita moja. Mpanue sangara mdomo, ingiza ndoano mpaka ndani kooni, mfunge mdomo kwa mkono mmoja bila kumkaba sana. Sasa vuta uzi taratibu kuelekea pembeni, kama vile samaki anaogelea kukuacha. Utaihisi ndoano inakwaruza kidogo ikipita juu ya ulimi, inafika kwenye taya, inasita, halafu unaiona inajizungusha yenyewe na kuzama pembeni mwa mdomo. Ongeza nguvu, haitoki.

Itoe, irudishe palepale kooni, halafu vuta kwa ghafla kama tulivyozoea. Mara nyingi itachomoka yote na kukurukia, kwa hiyo geuza uso pembeni unapojaribu. Rudia mara kumi, tano kwa kila namna. Mimi nilifanya hivi nikiwa nimechelewa, baada ya kupoteza samaki wengi, na ndipo mkono ulipoanza kuelewa kile ambacho kichwa kilikuwa kimeshasoma.

Kuchagua ndoano

Namba za ndoano huwachanganya wengi. Kuanzia namba 10 kuja namba 1, namba ikipungua ndoano inakuwa kubwa. Baada ya hapo zinaanza zile za sifuri, 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, nazo zinakua kadiri namba inavyopanda. Tena namba hizi hazilingani kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo amini jicho kuliko kibandiko. Kitu cha kutazama ni mwanya, yaani nafasi kati ya ncha na shina. Ndoano ya duara ina mwanya mwembamba kuliko ya kawaida yenye namba ileile, hivyo ukizoea 3/0 ya kawaida, huenda ukahitaji 4/0 au 5/0 ya duara.

Kwa kambare mumi wa kilo moja mpaka tatu natumia 3/0 hadi 5/0. Kwa sangara natumia 6/0 hadi 8/0, na hapo natafuta ndoano ya waya mnene, maana sangara mkubwa huinyoosha ndoano nyembamba ukabaki na kitu kama msumari. Kwa sato, kusema kweli, sipendekezi. Sato ana mdomo mdogo na hudonoadonoa, mwachie ndoano yake ndogo ya kawaida na boya.

Kisha ilaze ndoano juu ya meza. Ikilala bapa, ncha na shina vikigusa meza pamoja, hiyo ndiyo unayoitaka. Ncha ikiwa imekengeuka upande mmoja, ndoano haitalala vizuri, itayumba. Hizo zilizokengeuka zinanasa pia, lakini ncha iliyotoka pembeni inaweza kuchoma koo njiani, na hapo faida kubwa ya duara imeshapotea. Muuzaji anaweza kukuambia zote ni sawa. Zilaze mezani kwake kabla hujatoa hela.

Jambo la mwisho kwenye ndoano: kile kijino cha nyuma ya ncha kibane kwa plaizi mpaka kilale. Umbo la duara lenyewe linamshikilia samaki ilimradi mshipi umekaza, na wewe utaishukuru plaizi hiyo siku ndoano itakapoingia kwenye kidole chako.

Kufunga

Sangara hana meno ya kukata kama ya mbwa. Ana meno madogomadogo mengi, mdomo wake unakwaruza kama msasa, na vifuniko vya mashavu yake vina kingo kali zinazochana. Mshipi mwembamba hautoboi mpaka kwenye mtumbwi. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mshipi, mita moja hivi, iwe nailoni nene ya kubeba kilo 25 hadi 30. Kwa kambare unaweza kushuka kidogo. Iunge na mshipi mkuu kwa swiveli, kile kiungo kinachozunguka, na chubwi, yaani ile risasi ya kuzamisha, ikae juu ya swiveli hiyo, ikiteleza kwenye mshipi mkuu, ili samaki achukue chambo bila kuburuta risasi. Samaki akihisi uzito anaachia, na ndoano hii inamtaka asiachie mapema.

Fundo zuri kwa ndoano ya duara ni lile la kuzungusha kwenye shina:

1. Shika ndoano, ncha ikuelekee wewe. Pitisha uzi kwenye jicho ukitokea upande huohuo wa ncha, na uvute sentimeta 20 hivi zitoke upande wa pili.
2. Laza uzi huo kando ya shina, kisha urudishe ili ufanye kitanzi.
3. Chukua ncha ya uzi, izungushe kwenye shina huku ukiipitisha ndani ya kitanzi, mara sita au saba, mizunguko ikae bega kwa bega.
4. Lowesha kwa mate, vuta pande zote mbili polepole mpaka mizunguko ibane.

Jipime hivi: shika tumbo la ndoano, pale ilipopinda, kwa vidole viwili bila kubana, halafu vuta uzi. Ncha inapaswa kufunguka, itoke nje kidogo. Ikijikunja kuelekea kwenye shina, ujue umepitisha uzi upande usio wake. Kata, funga upya. Mimi nilivua mwezi mzima na fundo la kinyume, na kila aliyeponyoka nilimsingizia upepo.

Chambo: uache mwanya wazi

Hapa ndipo wengi wanapoiua ndoano ya duara bila kujua. Tumezoea kuficha chuma. Tunavika nyungunyungu mpaka ndoano haionekani, tunazungushia utumbo wa kuku kama kilemba. Kwa ndoano hii ukifanya hivyo umeziba mwanya, na taya haina pa kuingilia. Ndoano inatoka kinywani ikiwa imevaa nguo zake zote.

Chambo kichomwe mara moja, juujuu, ncha ibaki wazi. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mchome kwenye midomo au puani. Vifaranga vya kambare, ambavyo siku hizi kuna watu wanavifuga makusudi wawauzie wavuvi wa sangara, vichome mdomoni vilevile. Vina uhai mgumu na huogelea muda mrefu. Utumbo wa kuku ukunje mara moja tu, uchome katikati, ncha zake zining'inie. Nyungunyungu wawe wawili au watatu, kila mmoja achomwe sehemu moja na kuachwa acheze.

Kuna wanaovua kambare kwa vipande vya sabuni ya mche, na anayecheka hajajaribu. Kata kipande kidogo chenye ukubwa wa punje ya hindi, kiwe kwenye tumbo la ndoano, si kwenye mwanya.

Chambo laini kikiteleza na kuziba mwanya, kata duara jembamba la mpira wa tyubu ya baiskeli, kama shilingi ndogo, ulichomeke kwenye ndoano baada ya chambo. Linakizuia kisisogee. Tyubu moja kuukuu inakutosha mwaka.

Kusubiri, halafu kufunga mkono

Kwa mshipi wa mkono, tupa, acha risasi ikae chini, vuta ulegevu wote, kisha uupitishe mshipi juu ya kidole cha shahada. Usiuzungushe mkononi kamwe. Sangara wa kilo 30 hakuombi ruhusa ya kuondoka na kidole chako.

Samaki anapokuja utahisi mambo mawili tofauti, na ufundi wote upo kwenye kuyatofautisha. La kwanza ni kugonga: tk, tk-tk, kama mtu anabisha mlango wa jirani. Hapo anaonja, au ni gogogo na samaki wadogo wanaodonoa. Usifanye lolote. Hasa usifanye lolote. Mjomba alipoanza kuzijaribu ndoano hizi alikuwa anaikalia mikono yake, mshipi ameubana chini ya kidole cha mguu, eti mkono hauaminiki.

La pili ni kuondoka. Mshipi unaanza kutembea, unalala kando, na unahisi uzito unaohama. Wacha uende. Toa mshipi kwa vidole, nusu mita, mita moja, bila kuukatalia. Halafu funga mkono. Ndivyo hivyo tu: funga mkono, mshipi ukaze wenyewe dhidi ya samaki anayeondoka. Utahisi uzito unaongezeka, unasita kidogo, halafu kichwa kinaanza kutikisa. Huko kusita ndiko kugeuka kwa ndoano. Sasa anza kuvuta, mkono juu ya mkono, kwa mwendo mmoja, bila kuupa mshipi nafasi ya kulegea.

Kwa fimbo yenye rili mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu fimbo haina pupa. Iweke kwenye kishikio imara au kati ya mawe, ncha ielekee majini kwa mwinamo mdogo. Breki ya rili iwe ya wastani, itoe uzi ukivuta kwa nguvu ya mkono mmoja. Samaki akichukua, fimbo itapinda. Iache ipinde mpaka ibaki imepinda, ndipo ushike na kuanza kuzungusha rili. Usiinyanyue fimbo juu kwa kishindo. Zungusha kwanza, inua baadaye. Usiiache peke yake bila kuifunga kamba, nimeshaona fimbo ikiingia ziwani na mwenyewe yuko kwenye mihogo ya kukaanga.

Ukiona unaguswa mara nyingi na hunasi, pitia hivi: je, ulishtua? Mwanya uko wazi? Ndoano ni kubwa kuliko mdomo wa samaki anayegonga? Kwa uzoefu wangu jibu ni la kwanza, hata pale mvuvi anapoapa kwamba hakushtua. Mwambie mwenzako akutazame bega.

Na usiitumie kwa chambo bandia kinachovutwa majini. Pale samaki anashambulia kitu kinachokimbia na wewe ndiye unayemnasisha, hivyo duara litakukosesha.

Kwa wenye migonzo

Migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, ndiyo mahali pake hasa, kwa sababu hakuna mkono wa kushtua. Ndoano zimelala usiku kucha, samaki anachukua, anageuka, uzito wa kamba unakaza polepole. Wavuvi wa halibuti, samaki bapa mkubwa wa Bahari ya Pasifiki huko Marekani na Kanada, waliziacha ndoano za kawaida kwenye migonzo yao mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakahamia za duara, na mavuno kwa kila ndoano yakapanda sana. Hilo halikuwa jambo jipya kwa dunia: watu wa visiwa vya bahari hiyohiyo walikuwa wakichonga ndoano za umbo hili kwa mifupa na makombe ya chaza tangu zamani.

Ukitaka kubadili mgonzo wako, usibadili wote. Weka ndoano za duara nusu, za kawaida nusu, kwa kupokezana, uhesabu kwa wiki mbili. Angalia pia idadi ya samaki uliowakuta hai asubuhi. Samaki aliyenaswa pembeni mwa mdomo bado anapumua vizuri, aliyemeza ndoano umemkuta kafa na maji yameshamlegeza, na mnunuzi analijua hilo kabla hujafungua mdomo. Kabla ya kununua kwa wingi, pita kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wa mwalo wako uulize ukubwa wa ndoano unaoruhusiwa na leseni, usije ukanunua maboksi ya kukaa stoo.

Kumtoa ndoano

Sangara aliye chini ya sentimeta 50 haruhusiwi, hivyo utawarudisha wengi, na hapa ndoano ya duara inaonyesha thamani yake. Mwache samaki majini, au mlaze juu ya kitu kilicholowa. Shika tumbo la ndoano kwa plaizi, halafu uizungushe kwa njia ileile iliyoingilia, kama unageuza ufunguo. Usiivute moja kwa moja, utachana taya. Kwa kijino kilicholazwa ni suala la sekunde mbili.

Ikitokea kameza, na hutokea, kata uzi karibu na mdomo umwachie. Kuchokonoa koo kunamuua haraka kuliko ndoano. Sangara aliyetoka kina kirefu hufika juu tumbo limevimba kwa sababu bondo, ule mfuko wa hewa wa ndani, limejaa, huyo usimcheleweshe kwa picha.

Kambare mumi ana miiba kwenye mapezi ya ubavuni. Mshike nyuma ya kichwa, mapezi yakiwa yamebanwa. Kambare mamba ni habari nyingine. Taya zake zimetengenezwa kuvunja konokono, na kidole si kigumu kuliko konokono. Kwake kata uzi tu; ukitaka ndoano yako, subiri afe. Mamba yule mwingine, mwenye mkia mrefu, ukimwona ndoano gani umeweka si hoja tena: toka majini. Na kwenye maji ya kina kifupi yenye majani usisimame miguu mitupu, kichocho kipo.

Kutunza

Ukitoka, zisuuze, zikaushe, zipake mafuta kidogo ya kupikia. Ncha ikifa inoe kwa tupa ndogo, mipapaso michache kwa upande wa nje, bila kuibadilisha mwinamo wake wa kuingia ndani. Ukiinyoosha ncha ili "ichome vizuri", umeirudisha kuwa ndoano ya kawaida, tena mbovu. Zenye kutu zitupe shimoni, si mwaloni wanapocheza watoto. Ndoano ya duara kwenye unyayo hutoka kwa shida kuliko nyingine zote.

Mimi zangu nazihifadhi zimechomekwa kwenye soli ya ndala iliyokatika, zimepangwa kwa ukubwa, kisiginoni 8/0 na kwenye vidole 3/0. Mwezi uliopita nilikuta mapengo mawili upande wa kisigino. Sikuuliza. Jioni ile mjomba alikuwa kwenye mawe yake ya kila siku, amekalia mikono.